Jiliwa

Ghorofani, juu ya duka la vitambaa vya makochi, Keko,
tumeshona ulingo kwa sponji zilizobaki
na turubai la lori lenye namba ya mtu tusiyemjua.
Ukianguka, vumbi la mninga linaruka.
Ukipiga chafya, umepoteza mshiko.

Mimi ni mwanamieleka wa zamani.
Marehemu Koplo Ndimbo alinifundisha
kwamba mtu ana mabega mawili tu duniani:
yakigusa chini yote, ukahesabu moja, mbili,
kazi imekwisha, kaoge.
Miaka kumi na moja niliishi ndani ya hesabu hiyo.
Nilijua kulaza kifua juu ya kifua
kama mlango uliong'oka bawaba,
nyonga chini, vidole vya miguu vikichimba,
uzito wote juu ya bega moja lenye ubishi.

Hapa kwa Kocha Salha hakuna anayehesabu.
Jioni ya kwanza nilimwangusha Mpoki,
mkata sponji, kilo hamsini na nane pamoja na kandambili.
Nikambana chali, mabega yote mawili,
nikasubiri filimbi.
Filimbi ya nani?
Chini yangu kijana alikuwa anapumua taratibu
kama mtu anayesoma mita ya luku.
Akaupata mkono wangu uliokumbatia shingo yake,
akaukunja unakokunjika, kisha kidogo zaidi.
Nikapiga turubai. Mara tatu, nakumbuka.
"Kaka," akasema, "chali siyo mwisho. Chali ni sebule."

Kilichoniuma zaidi kilikuja wiki iliyofuata.
Nikiangushwa, mwili unageuka kifudifudi wenyewe,
kabla sijauuliza. Ni mazoea ya kuficha mabega.
Lakini ukimpa mtu mgongo
unajua utakachopewa: roba ya mbao,
ile ile ya vichochoroni, ila hii ina mwalimu
na baadaye mnagawana maji ya kandoro.

Nikarudi kwenye benchi langu la useremala kufikiri.
Siku nzima nabana mbao kwenye jiliwa.
Jiliwa halitengenezi kiti.
Linashika tu, ili mkono upate nafasi
ya patasi, ya gundi, ya kukosea kidogo na kurekebisha.
Nami miaka yote nilibana kwa mikono miwili
nikaita hiyo fanicha.

Basi tukaanza kuzichonga upya zile za Koplo.
Ile tuliyoiita mbeleko, goti lake na shingo yake
vikutane, viganja vyangu vifungane,
alale kama mtoto wa kliniki,
Salha akasema: nzuri, usiitupe.
Ila fungua kiganja kimoja. Mbane kwa mbavu.
Atakusukuma; aliyebebwa bila kupenda husukuma.
Mkono unaosukuma ndio unaoutaka.
Ile ya kukumbatia kichwa: shusha kiwiko,
sogeza nyonga inchi mbili kuelekea sikio lake,
kumbatio linakuwa kabali.
Inchi mbili! Kila siku nazifagia na takataka za randa.

Moja haikuchongeka. Niliyoipenda kuliko zote,
mkono chini ya kwapa hadi kisogoni:
Mpoki alichomoka kila mara, akicheka.
Nikiwa peke yangu nambana nayo mto wa kochi la mteja.

Jana umeme ulikatika katikati ya raundi.
Feni ikafa, mashine za chini zikanyamaza.
Mpoki alikuwa chali chini yangu, sebuleni kwake,
akanisukuma usoni kwa mkono wa kulia.
Sikuuona. Niliuokota
kama ninavyookota penseli sikioni.
Koplo, gizani, akaanza: moja...
Nikamwacha ahesabu.
Nikaukunja polepole, kama unavyojaribu ulimi wa ubao
kwenye tundu lake kabla ya gundi.
Kisha, ubavuni mwangu, akagonga, akagonga tena,
kama mteja aliyelipa tangu kabla ya Idi
na anajua fundi yumo ndani.

Nikafungua.