Pipa la Buluu

Jumapili, uliposikia mlio kwenye simu,
Valdeci, sikuwa nachemsha chai.
Lilikuwa pipa lako,
lile uliloniachia la kukingia mvua.
Mvua haijarudi hapa Paraíba. Nawe pia.

Nimelijaza mavi ya ng'ombe,
mabichi, ya yule mwenye mabaka,
na maji, na molasi kidogo ya kuchokoza uchachu.
Nimeziba kifuniko kwa udongo,
nikapitisha mpira mwembamba hadi ndani ya chupa ya maji
ili pumzi itoke, hewa isiingie.
Usiku linaongea. Bwi. Kimya. Bwi.
Mama yako ameapa kuna mtu ndani.

Subira huvuta heri, husemwa;
yangu ilianza kwa kuvuta nzi.
Ademar alipita na mfuko wa chumvichumvi wa mkopo,
akaziba pua, akauliza kama napika mzimu.
Nikamjibu: bado hajaiva.

Unakijua kisima chetu. Ulikichimba mwenyewe,
ukaonja, ukatema,
ukashinda kutwa bila neno.
Maji hayo ndiyo yaliyounguza kunde za mwaka jana,
ukingo wa jani kwanza,
kama barua iliyosogezwa karibu na mshumaa.

Siku ya thelathini na tano pipa likanyamaza.
Chujio sikuwa nalo.
Nikafungua sanduku, nikatoa shati lako la harusi.
Ndiyo, lile.
Nikafunga mikono yake fundo,
mbolea ikapita kifuani, nyeusi kama kahawa,
na harufu yake, usicheke, haikuwa mbaya:
zizi lililonyeshewa.

Kikombe kimoja kwa tisa vya maji,
jioni, jua likishachoka, penye shina,
kila baada ya siku nane.
Mistari miwili ya mwisho sikuipa kitu.
Imani ninayo ya kanisani; shambani nilitaka ushahidi.

Juzi nikang'oa mche mmoja huku, mmoja kule.
Wa kule, mizizi kama uzi wa mshonaji mlevi.
Wa huku umejaa vifundo;
nikakipasua kimoja kwa ukucha,
ndani chekundu kama ufizi wa mtoto.

Chumvi bado imo ardhini, sikudanganyi.
Majani kadhaa yameungua vilevile,
na vidukari wamekula wasichopanda.
Lakini maganda yananing'inia, mazito, mawili mawili,
na jana Ademar alikuja na chupa tupu
akiulizia hali ya mama.
Hakuziba pua.

Shati nimelifua mara nne. Doa halitoki.
Ukipata nauli, njoo ulivae hivyo hivyo.
Ukiikosa, tuma pipa la pili
na shati lolote ulilolichoka.