Doa

Molo, saa nne, ukungu bado haujaamua kuondoka.
Kiingilio mia tatu; wazee, mia moja na hamsini.
Shangazi Nyaboke akatoa kitambulisho kuthibitisha uzee,
ingawa magoti yalikwisha kuuthibitisha pale ngazini.

Kijana wa kutembeza wageni alianza na kaunta:
mwerezi mtupu, mchwa haujauonja.
Hapa walowezi waliegemea wakipiga gumzo la pareto na kondoo,
hapa bwana mmoja aliingia na farasi wake,
mnaziona kwato?
Tukaziona kwato.
Shangazi alikuwa ameukazia macho mlango wa nyuma,
wenye komeo na kibao: Wafanyakazi Tu.
"Nilipitia huo," akasema,
kama anayetaja mvua ya juzi.

Duka la zawadi ndicho chumba kilichokuwa cha kufulia.
Beseni la saruji wamelijaza vikombe vya bati,
kamba ya kuanikia imebeba fulana zenye pembe za swara.
Na ndani ya kabati la kioo, chini ya taa yake peke yake,
kitambaa cha meza, cheupe,
na doa la mvinyo lenye umbo la figo.
Usiku wa Krismasi, 1957. Doa halisi.

Shangazi akasogea hata pumzi yake ikatia ukungu kioo.
Akaupangusa kwa kiwiko.
"Chumvi nilitia. Ndimu. Majivu. Buluu, vipande viwili.
Nikasugua mpaka kucha zikalainika kama kunde za kulowekwa.
Likakataa.
Wakanikata shilingi nane.
Mshahara ulikuwa kumi na nane."

Msichana wa duka hakusikia.
Akatuonyesha rafuni leso za meza, mpya, pamba safi,
kila moja imechapwa doa lile lile, figo ile ile.
"Hizi zinapendwa sana, mama. Elfu mbili mia nne.
Na doa halitoki, hata ufueje."

"Najua," akasema Shangazi.

Akachagua moja, akaigeuza kukagua pindo,
akaikunja nusu, tena nusu, tena theluthi,
mikono ikikumbuka bila kumngoja,
akaitia mkobani.

"M-Pesa au taslimu?"
Nikaharakisha kutoa simu. Akanishika mkono.
"Hii nilishalipa."

Akaelekea mlango wa nyuma.
Komeo lilikwama.
Alijua pa kulipiga.