Gramu Zilizopungua

Miaka ishirini na sita, soko la Kibaigwa,
nilipima magunia. Lumbesa niliijua kwa jicho
mizani haijasema.
Nilijua jiwe lililotobolewa kitako
likazibwa kwa nta.

Kwa hiyo sonara Jivraj aliponiita Dodoma,
moto umeshakolea, koleo mkononi,
"Njoo uone kabla sijaiyeyusha,"
sikuuliza bei. Nilisema: ipime.

Kijana wa Kongwa aliileta ndani ya soksi.
Babu yake aliiokota chini ya sakafu
ya nyumba ya Mzungu wa mradi wa karanga,
zile karanga zilizokataa ardhi yetu.

Dhahabu. Nyembamba kama ganda la kitunguu.
Mfalme wa Waingereza kasimama ndani ya merikebu,
upanga juu, uso wa mtoto aliyeamshwa usiku,
na merikebu yenyewe haimfiki hata kiunoni.
Merikebu! Huku kwetu
mto ni mchanga; unauchimba tangu alfajiri
upate ndoo mbili.

Vitabu vinasema gramu saba na robo tatu.
Mizani ya Jivraj ilisema saba.
Nikaigeuza kwenye taa: upande mmoja umelika,
herufi za Kilatini zimekatwa vichwa.
Makasi.
Mtu fulani, miaka mia sita iliyopita,
alinyoa ukingo, akakunja unyoya wake kiganjani,
akairudisha sokoni
ikapita katikati ya watu, hakuna aliyeigusa bega.

Nikatoa hela ya pikipiki.
"Umenunua hela kwa hela?" aliuliza Perusi,
kisha hakuniuliza kitu tena mpaka Pasaka.

Nimechonga kisanduku cha mninga, matundu kumi na mawili.
Moja lina mfalme.
Kumi na moja yana vumbi, nayapangusa Jumamosi.
Majina ya wasiokuja nimeyaandika kwa penseli:
yule mwenye chui, yule mwenye malaika na joka,
yule ambaye duniani wamebaki watatu tu.
Mwanangu anacheka. Mkusanyaji wa kitu kimoja!

Umeme ukikatika naipima tena, kwa tochi.
Saba.
Mfalme simfikirii.
Namfikiria mwenye makasi, alikuwa na watoto wangapi,
na debe la Loisi, lililobonyezwa kitako kwa nyundo,
nililomnyang'anya mbele ya soko zima
mwaka ule wa njaa,
nikaandika uzito uliopungua,
nikapiga muhuri.