Ulimi Kati ya Meno

Saa moja jioni, Majengo, umeme umekatika.
Ubao umeegemea ukuta wa mawe ya volkano,
mtu anashika tochi ya simu, mimi chaki.
"Ulimi kati ya meno," nasema. "Puliza."
Mama Nsimire anagoma: kwao kutoa ulimi ni matusi.

Neno la leo ni dogo, ni *na* yao tu.
Byamungu, msukuma chukudu,
simenti bado kwenye kope,
anasimama, anatamka: "Wizi."
Darasa linalipuka.
Wizi tena, kaka? Haujatutosha?

Nawaeleza: sisi tuko na mtoto,
tuko na njaa, tuko na deni,
vyote tunatembea navyo.
Kiingereza kinashika.
Kinamiliki hata kikohozi.

Usiku nasahihisha. Zoezi la tatu: familia yangu.
Herufi zake zimeinama kama mtu anayepanda mlima.
Kwa lugha ya watu, neno kwa neno, ameandika:
niko pamoja na kaka yangu.

Chukudu ile ilikuwa ya Murhula, kaka yake.
Alishuka barabara ya Sake na magunia ya makaa;
kilichorudi ni chukudu.

Sarufi inanidai wakati uliopita.
Kalamu nyekundu ninayo.
Nafunga daftari.

Kesho yake, kabla ya somo, namkuta nje peke yake,
mvua ikipiga mabati,
ulimi unatafuta meno:
wizi,
wizi,
halafu, mara moja tu, sawasawa.