Maji ya Manjano

Tukuyu mvua haiombwi. Inakuja yenyewe,
inaingia kwenye unga, kwenye godoro, kwenye madaftari ya watoto.
Migomba yetu haijui neno kiu.
Mimi peke yangu nilikauka, machoni,
katikati ya maji yote hayo.

Ilianza kama mchanga. Nikadhani ni vumbi la vitambaa,
maana nashona; mwaka wa thelathini na mbili huu
cherehani yangu inatazama barabara ya Kyela.
Kufumba jicho kukawa kama kufunga mlango uliovimba kwa unyevu,
kufumbua, kama kubandua plasta.
Uzi nikaanza kumpa mtoto anitungie.

Halafu Ambakisye akafa.

Kwetu msiba una sauti. Mwanamke huanza kulia njiani, mbali,
kabla hajaiona nyumba, ili nyumba ijue anakuja.
Sauti nilikuwa nayo. Nililia mpaka koo likakwaruza.
Lakini mashavu yalibaki makavu,
na watu, unawajua watu, shavu hawalisikilizi: wanaliangalia.
Subilaga, niliyeketi naye mkeka mmoja,
alinitazama mara ya pili, kisha ya tatu,
kisha akasogea kidogo. Kidogo tu. Upana wa kiganja.

Kiganja hicho nilitembea nacho mwaka mzima.

Mbeya, hospitalini, ghorofa ya pili,
daktari kijana alinipachika kikaratasi chini ya kope
akahesabu dakika tano kwa saa ya ukutani.
Karatasi ilitoka kama ilivyoingia.
"Mama, kisima kimekauka," akasema. "Tuchimbe kwingine."
Akanishika mkono, akatafuta mshipa.

Nikadhani ananitania. Damu ya mkono iende jichoni?
Nimesikia wanaolia machozi ya damu,
nikajua ni maneno ya nyimbo na ya wenye madeni.

Vichupa sita. Viliachwa visimame mpaka damu igande,
vikaingia kwenye mashine, vikazungushwa
hadi meza ikanguruma kama kinu cha kukoboa mpunga.
Vilipotoka, wekundu wote ulikuwa umelala chini
na juu yake maji ya manjano,
rangi ya chai ambayo majani yake yameguswa tu na maji.
Damu nzito kuliko maji: nimekua nikiambiwa hivyo.
Hakuna aliyeniambia kwamba ndani ya damu maji yamo,
yamekaa kimya, yanangoja uzito utue.

Sasa baridi. Dawa inataka baridi, na mimi friji sina.
Gwakisa ananihifadhia kwenye jokofu la baa yake,
kati ya soda na bia na maini ya ng'ombe.
DAMU YA MAMA LUSAJO ISIGUSWE, ameandika kwa wino mnene,
na walevi hawasogelei rafu ile hata kwa dau.
Umeme ukikatika nakimbia na chupa ya chai iliyojaa barafu.
Mara moja nilichelewa.
Dawa ya wiki nzima niliimwaga chini ya mgomba
nikaona haya, kama niliyemwaga mtu.

Tone moja kila jicho, mara nane kwa siku.
Hayaponi yote. Jioni mchanga hurudi.
Lakini uzi naupitisha mwenyewe tunduni,
mara ya pili, au siku mbaya, ya tano.

Juzi tulikuwa tunasafisha kaburi. Niliinua uso, nikadondosha,
tone likakosa, likashuka shavuni mpaka kidevuni.
Subilaga alikuwa anang'oa magugu upande wa miguu.
Akaliona.
Akaacha jembe, akaja, akaketi karibu yangu,
karibu kabisa, pasipite hata kiganja,
akasema taratibu, "Ndaga, dada. Sasa umemlilia."

Ningeweza kumweleza. Mashine, vichupa, jokofu la Gwakisa.
Lakini nikawaza: mama mmoja, baba mmoja,
damu aliyozikwa nayo Ambakisye ndiyo hii.
Nikaliacha tone lifike lilikokuwa linakwenda.

Mvua ikaanza, ingekosaje.
Nikafunga kichupa haraka, nikakirudisha kwenye barafu.