Risiti za Taka

Tarehe tano, asubuhi, naingia Chang'ombe
na kitabu cha risiti ambacho kaboni yake imechoka.
Elfu mbili kila kaya. Kaya, si kinywa.
Kwenye kikundi wameniambia nisibishane na mtu.

Mlango wa kwanza: "Pita kesho."
Wa pili una kufuli nje,
lakini ndani redio inasoma matangazo ya vifo.
Wa tatu, mpangaji wa wizarani, analipa kwa simu
hata kabla sijamaliza salamu.
Viroba vyake viwili vimeegemea ukuta:
pampasi, maganda ya tikiti, wali uliochacha,
na ute fulani unaotafuta njia kwenda kwa jirani.

Jirani ni Sechelela.
Anapepeta uwele, na haachi kupepeta.

"Taka zipi, Nyemo? Ingia uzitafute.
Majivu namwaga chooni, yanakata harufu.
Makapi ni ya kuku.
Maganda anakula mbuzi wa Mama Lugongo,
naye hunipa kikombe cha maziwa akikumbuka.
Chupa, Chibago anauza kwa kilo.
Karatasi nawashia moto.
Gauni likichakaa linakuwa nepi,
nepi ikichakaa inakuwa dekio,
dekio likichakaa naziba tundu la panya.
Taka ni ya mtu aliyekula akasaza.
Hilo gari lenu linabeba nini changu?"

Nikatazama uwanja wake.
Ulikuwa na mistari ya ufagio toka kizingiti hadi njiani,
nikaona haya kuukanyaga kwa viatu.
Kando ya choo, kwenye mti wa uzio,
kidumu cha mafuta ya kupikia kilichotobolewa kwa msumari
kinaning'inia kwa kamba. Cha kunawia.
Kikavu.

Akaona ninapotazama.

"Jana dumu lilifika mia tano.
Na ni ya kisima, yale ya chumvi,
unasugua sabuni hadi inaisha, povu hulioni.
Bwana afya alikuja, akakitikisa hivi,
akaandika faini.
Sikumjibu. Uji ulikuwa jikoni,
na maji yaliyokuwepo yalikuwa ndani ya uji."

Upepo ukainuka ukatupaka vumbi wote wawili,
mwenye kitabu na mwenye ungo.

Choo nacho kimejaa.
Mwenye nyumba anaishi Area D,
anamwagilia maua,
anasema gari la kunyonya halipiti huku.
Na hapo hasemi uongo:
tangu mvua za Januari korongo limekula njia,
hata gari letu la taka linasimama kwenye lami,
linapiga honi mara mbili, linaondoka.

"Sasa viroba vya bwana wa wizara vinafikaje lami?"
nikauliza, ingawa nilijua.

Ungo ukasimama.

"Chibago anavibeba. Mia mbili kila kimoja.
Usiku. Lami ni mbali, mtoto ana miaka kumi."
Akaelekeza kidevu nyuma ya nyumba,
kule korongo linakopita hatua saba kutoka jikoni mwake.
"Mvua ikipiga saa moja tu, vyote vinanirudia mlangoni.
Pampasi za watu nimezifagia hapa, Nyemo.
Na sijawahi kudai risiti."

Niliandika jina lake, tarehe, namba ya nyumba.
Mahali pa kiasi niliacha wazi,
na kaboni, pamoja na uchovu wake,
ikanakili pengo lile vizuri kabisa.

Kikundi kilinikata elfu mbili.

Jioni nilirudi kwangu Nkuhungu,
nikabandika mlenda, nikahesabu madumu: moja na nusu.
Vyombo vya jana vilikuwa vinaningoja kwenye beseni,
nzi wakiwa wamenitangulia.
Huku nako ni tarehe tano.
Mara nikasikia hodi, sauti ya kijana nisiyemjua,
na karatasi zikifunuliwa, moja baada ya nyingine.

Nilinyoosha mkono taratibu,
nikazima redio.