Majirani

Saa tano usiku, Mpwapwa.
Chumba cha mitambo kilikuwa stoo ya vyandarua,
bado kinanuka dawa.
Taa ya kidhibiti inapepesa
kama mtu anayepigana na usingizi kanisani.

Mwaka jana njia niliiandika kwa mkono wangu:
kwenda Kibakwe, pitia Gulwe. Basi.
Nikahifadhi, nikafunga mlango.
Januari Kinyasungwe ukashuka na mchanga wake,
ukang'oa nguzo,
na ile njia yangu, tiifu kama mjinga,
ikaendelea kupeleka majibu ya damu majini.
Siku mbili.
Sechelela wa maabara ya Kibakwe hakunitukana.
Alisema tu, "Tunasubiri."
Afadhali angetukana.

Hata dereva wa lori la vitunguu anajua:
korongo likishuka huulizi ramani,
unamuuliza anayetoka huko.

Ndiyo kazi ya leo. Nafuta mstari wa zamani,
nakifundisha kidhibiti kuuliza.
Eneo sifuri. Nywila.
Gharama: ya Gulwe kumi, ni fupi;
ya mnara wa Kiboriani hamsini,
inazunguka mlima mzima, ila haijui mafuriko.
Halafu salamu.
Kila sekunde kumi kitabisha hodi kwa jirani,
mbukwenyi,
hakina shida, hakiombi chumvi,
kinataka kusikia kama kuna mtu.
Sekunde arobaini zikipita kimya
jirani ni marehemu:
jina linafutwa, njia zake zinatafutiwa mwingine.
Arobaini.
Aliyeichagua namba hii, huko ng'ambo,
sijui kama amewahi kukaa matanga.

Nabonyeza. Nauliza: majirani?
Orodha tupu.

Ndahani mlinzi anachungulia. "Fundi, imekubali?"
"Inasalimia. Haiitikiwi."
"Labda mwenzake kazoea kusalimiwa taratibu,"
anasema, anarudi kwenye redio yake.

Nacheka. Kisha sicheki.
Kibakwe niliweka salamu kila sekunde thelathini,
hapa kumi.
Wanasikiana usiku kucha,
na kila mmoja anamwona mwenzake hana adabu.

Narekebisha. Jirani anatokea, anasitasita,
wanaonyeshana wanachokijua,
mwisho kioo kinaandika: amejaa.
Kwetu korongo likijaa njia inafungwa.
Hapa jirani akijaa, njia inafunguka.

Sasa jaribio. Nazima redio ya Gulwe kwa makusudi
na kuanza kuhesabu.
Kumi.
Kwenye simu yangu, toka asubuhi, Mama wa Manyoni: mara tatu.
Najua angesema nini. "Hakuna jambo, mwanangu.
Nimekusalimu tu."
Ishirini.
Na mimi siku zote niko kazini, nitapiga baadaye,
nina kitu cha maana hapa.
Thelathini. Thelathini na tisa.

Njia inageuka. Hakuna kengele, hakuna shangwe,
mstari mmoja tu umebadilika: Kiboriani.
Dakika haijaisha, Sechelela anaandika, "Yamefika.
Ya yule mtoto pia."

Natoka nje kwenye vumbi lililopoa.
Saa sita kasoro. Simu ya saa hizi ni ya msiba,
ataruka kitandani.
Napiga hivyo hivyo.

Inaita.